Haifunguki Tu: Namna ya Kuomba Msaada kwa Watu Usiowalipa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema kweli, ila hawakuwahi kukaa nyuma ya kaunta ya steshenari iliyo karibu na chuo, wiki ambayo wanafunzi wanakabidhi ripoti za mafunzo kwa vitendo. Mimi nakaa hapo, mjini Morogoro. Nachapa, natoa fotokopi, naskani vyeti, naunganisha vitabu. Maswali ni mengi, na mengi yana sura moja:

"Dada, haifunguki."

"Haifunguki vipi?"

"Haifunguki tu."

Basi kazi yangu inaanza hapo. Ni faili gani? Uliliandika kwenye simu au kwenye kompyuta? Jana lilifunguka? Kuna maneno yaliyotokea kwenye kioo? "Yalitokea, nikayafunga." Maneno yale ndiyo yangetuambia ugonjwa uko wapi, naye kayafunga kama anavyofunga matangazo.

Naieleza kaunta yangu kwa sababu kuna kaunta nyingine, isiyo na meza wala kengele, ambako mteja ni mimi. Kompyuta za dukani zinatumia programu huria: mfumo endeshi wa Linux, kivinjari cha Firefox, VLC ya kuchezea video, na LibreOffice, programu ya kuandikia inayofungua mafaili ya wateja wa kila aina. Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Nyingi hazilipiwi hata senti. Nilizichukua kwa sababu ya bei, na kwa sababu flashi za wanafunzi huja zimejaa virusi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows. Nimebaki nazo kwa sababu nyingine kabisa: zikileta hitilafu, najua pa kwenda kusema, na nikisema vizuri, kuna mtu anasikia.

Neno kubwa hapo ni "vizuri". Watu wengi hujaribu programu huria, wanakwama, wanauliza swali moja la hasira, hawajibiwi, wanaondoka wakisema vya bure havina mwenyewe. Mwenyewe yupo. Ila huzungumzi naye kama unavyozungumza na muuza duka.

Karatasi iliyokwama

Mtu wa steshenari hawezi kusikia historia hii bila kutabasamu, maana inaanzia kwenye printa. Katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, watu wengi walitumia printa moja. Karatasi ilipokwama, kazi za wote zilisimama, na mara nyingi hakuna aliyejua mpaka aende mwenyewe kuangalia. Mwanaprogramu mmoja wa pale, Richard Stallman, aliwahi kuirekebisha programu ya printa ya zamani ili karatasi ikikwama, kila anayesubiri apate ujumbe kwenye kompyuta yake. Halafu, karibu mwaka 1980, maabara ikapewa na Xerox printa mpya ya leza. Ilikuwa na kasi nzuri, lakini nayo ilikwamisha karatasi, na safari hii msimbo chanzo wake, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa nayo, haukutolewa. Stallman alikwenda kwa mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa kuwa yule alikwisha kuahidi kutomwonyesha yeyote.

Alikuwa anajua kasoro iko wapi, anajua dawa yake, na amefungiwa mlango. Tarehe 27 Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao watu wataruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Miaka minane baadaye, tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwaandikia watumiaji wa mfumo mwingine, Minix, akiwaarifu kwamba anatengeneza mfumo wake kwa kujifurahisha, na akawauliza wanapenda nini na wanachukia nini katika ule wanaoutumia. Mfumo huo ukawa Linux, ambao leo umo ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo kueleza kinachokukera si fujo katika ulimwengu huu. Ndicho kilichouzaa.

Aliye upande wa pili

Mteja wangu akikasirika namwelewa: amelipa. Lakini programu huria huja na leseni inayosema wazi kwamba haina dhamana, na mara nyingi kwa herufi kubwa. Wapo wanaolipwa mishahara na makampuni ili waziandike, hasa zile kubwa kama Linux yenyewe. Wapo pia wanaofanya usiku baada ya kazi nyingine, watoto wakishalala.

Tofauti hiyo ilionekana Aprili 2014, ilipotangazwa hitilafu iliyoitwa Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano kati ya tovuti na watumiaji wake, na ilikuwa imejificha humo tangu 2012. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, nywila zikiwemo. Dunia ilipogeuka kumtafuta mwenye OpenSSL, ilikuta kwamba programu inayotegemewa na mabenki na maduka ya mtandaoni ilikuwa na mtu mmoja tu anayeifanyia kazi muda wote, na kwamba michango kutoka kwa watu ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka.

Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini ujumbe wa "rekebisheni haraka, nina kazi za watu" hauna nguvu. Hakuna uliyemwajiri. Unachoweza kumpa mtu huyo ili akusaidie ni kimoja: taarifa ambayo yeye hana, yaani kilichotokea kwenye kompyuta yako.

Kwa upande wao, watunzaji wa programu hizi wanakupa uwazi ambao sijauona kwingine. Chukua Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993. Mwaka 1997 wanachama wake walipitisha mkataba na jamii, na kipengele kimojawapo ni kwamba hawatayaficha matatizo: orodha nzima ya hitilafu zilizoripotiwa itakaa wazi mbele ya kila mtu, wakati wote. Namba za taarifa hizo sasa zimepita milioni moja. Mtu anaweza kuona aibu kuonyesha kasoro milioni. Wao wamechagua njia ya wahenga: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Swali na hitilafu ni vitu viwili

Kabla hujaandika popote, jiulize: sijui namna ya kufanya, au programu imeshindwa kufanya inachopaswa? Ukitaka namba za kurasa zianzie ukurasa wa tatu na hujui unabonyeza wapi, hilo ni swali. Liulize panapokutana watumiaji wenzako. Ukifuata njia iliyoelezwa kwenye mwongozo na kurasa zikaandikwa namba mbili mbili, hiyo ni hitilafu. Ina mahali pake maalumu, daftari la taarifa ambalo kila mradi mkubwa unalo. Ukipeleka swali kwenye daftari la hitilafu litafungwa bila huruma. Si dharau. Daftari likijaa maswali, hitilafu za kweli zinapotea.

Yapo mambo machache ya kufanya kwanza, na mengi yanamaliza kazi hapo hapo. Zima programu, washa tena. Angalia kama kuna toleo jipya, maana huenda ugonjwa wako ulikwisha kutibiwa na wewe bado unatumia la zamani. Nakili maneno ya hitilafu neno kwa neno, uyatafute mtandaoni. Ukiyafupisha kwa akili yako hutapata kitu. Jaribu kwenye kompyuta nyingine, au kwa akaunti nyingine. Kwenye LibreOffice, menyu ya Msaada ina njia ya kuiwasha katika hali salama, ambapo inaanza bila nyongeza na mipangilio yako. Tatizo likitoweka humo, basi limo katika mipangilio yako, si katika programu.

Ukija kuuliza, eleza na hayo uliyoyafanya. Mtu akiona umeshajaribu manne, hatakurudisha kwenye la kwanza, na atakuheshimu zaidi. Eleza pia unachotaka kufikia mwishoni. Nimewahi kumsaidia mwanafunzi kwa muda mrefu kuingiza nafasi tupu zipatazo mia kwenye ukurasa, kumbe alichotaka ni jina lake likae upande wa kulia.

Ushahidi, si malalamiko

Mwaka 1999 Simon Tatham, Mwingereza aliyeandika programu ya PuTTY inayojulikana na mafundi wote wa mitandao, aliandika maelezo ya jinsi ya kuripoti hitilafu. Yametafsiriwa katika lugha nyingi na bado yanasomwa. Kiini chake ni rahisi: lengo la taarifa ni kumwezesha mwanaprogramu aione hitilafu hiyo kwa macho yake. Kama huwezi kumwita akae kwenye kiti chako, mpe maelezo yatakayomwezesha kuifanya itokee kwake.

Nitatoa mfano wa dukani. Wanafunzi huleta fomu ya tathmini iliyotengenezwa kwa Word, yenye jedwali refu. Baada ya kusasisha programu ya kuandikia, jedwali lilianza kufunguka likiwa limepita ukingo wa karatasi. Safu ya mwisho, ile ya saini ya msimamizi, haikuchapwa. Ningeweza kuandika "majedwali yameharibika". Badala yake nilianza kulipunguza faili. Nikafuta kurasa za nyuma: tatizo bado lipo. Nikafuta nembo ya chuo: bado. Nikafuta maneno yote: bado. Nikatenganisha seli mbili za mstari wa kwanza zilizokuwa zimeunganishwa kuwa moja: jedwali likarudi mahali pake. Hapo nikajua. Nikatengeneza faili jipya lenye jedwali dogo, bila jina la mtu, na nikaandika hivi, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji, ambacho hapa nimekitafsiri:

"Kichwa: Jedwali la docx hupita pambizo ya kulia ikiwa seli za mstari wa kwanza zimeunganishwa.

Hatua: Fungua faili nililoambatisha. Tazama ukurasa wa kwanza.

Nilichotarajia: Safu zote tatu ndani ya pambizo.

Kilichotokea: Safu ya tatu iko nje ya ukurasa, na haichapwi.

Maelezo: Kabla ya kusasisha, faili hili hili lilifunguka vizuri. Namba za matoleo yote mawili, na za mfumo endeshi, ziko hapa chini."

Angalia kilichomo na kisichokuwemo. Kichwa kinaeleza jambo lenyewe. "Msaada tafadhali" isingemwambia mtu chochote. Nilichotarajia nimekitenga na kilichotokea, kwa sababu huenda programu inafanya sawasawa na matarajio yangu ndiyo yenye kasoro. Namba za matoleo zimo. Hupatikana chini ya menyu ya Msaada, palipoandikwa Kuhusu. Hitilafu ni moja tu. Kama ningekuwa na ya pili ningeiandikia taarifa yake, maana mtu anayeshughulikia majedwali si lazima awe ndiye anayeshughulikia picha. Sikuweka nadharia yangu ya chanzo, wala sikueleza hasara niliyopata.

Na data ya mteja haimo. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wa steshenari na wa ofisini. Daftari la hitilafu linasomwa na dunia nzima, na ukishapandisha faili lenye namba ya kitambulisho ya NIDA, matokeo ya mtihani au mshahara wa mtu, usitegemee kulirudisha. Tengeneza faili la mfano. Vivyo hivyo kwa picha za kioo na kumbukumbu za mfumo: zipitie kwanza, mara nyingi zina majina, anwani za barua pepe na hata nywila.

Tena usiogope Kiingereza. Miradi mingi hufanya kazi kwa lugha hiyo, lakini wasomaji wake wengi ni Wajerumani, Wahindi, Wabrazili, watu ambao nao hawakuzaliwa nayo. Sentensi fupi na hatua zilizopangwa zinaeleweka kuliko insha nzuri.

Taarifa inakwenda wapi

Ukishaituma inapewa namba, na tangu hapo ina maisha yake. Watu wa kwanza kuisoma mara nyingi si wanaprogramu. Ni wajitoleaji ambao kazi yao ni kuchambua: wanafungua faili lako, wanafuata hatua zako, wanasema "nami nimeiona" au "kwangu haitokei, nieleze zaidi". Wanatafuta kama kuna aliyeiripoti kabla. Wakimpata, yako inaunganishwa na yake. Kazi hii inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, na ndiyo mlango mzuri wa kuingilia kwa asiyejua kuandika programu.

Kisha inapimwa uzito. Debian ina madaraja saba, kuanzia hitilafu inayoweza kuharibu mfumo mzima au kupoteza data, mpaka daraja la mwisho ambalo ni la matamanio tu, vitu ambavyo mtu angependa viongezwe. Hitilafu za madaraja ya juu huzuia toleo jipya lisitolewe. Tahajia mbaya kwenye menyu haizuii. Kwa hiyo usipandishe yako daraja ili ionekane. Watu wataishusha, na wataisoma inayofuata kwa mashaka.

Jambo lililonistaajabisha ni jinsi wanavyotafuta chanzo. Ile sentensi yangu ya "kabla ya kusasisha ilikuwa vizuri" ndiyo ilikuwa na thamani kuliko zote. Kila badiliko katika msimbo limehifadhiwa kwa tarehe na jina. Tuseme kati ya toleo lililo zima na lililo gonjwa kuna mabadiliko 1,000. Mtu hayasomi yote. Anajaribu la katikati: kama hapo jedwali ni zima, ugonjwa uko nusu ya pili; kama limeharibika, uko nusu ya kwanza. Anaigawa tena nusu hiyo, na tena. Kwa majaribio kama 10 tu anafika kwenye badiliko lenyewe na kujua nani aliliandika na kwa nini. LibreOffice huweka hazina ya matoleo ya kila hatua yaliyo tayari kuwashwa, hivyo hata mjitoleaji asiyejua msimbo anaweza kufanya ugawaji huo.

Halafu kuna kusubiri. Nyingine hurekebishwa mapema, nyingine hukaa miaka. Hitilafu namba 1 ya mfumo endeshi wa Ubuntu iliandikwa Agosti 2004 na mwanzilishi wake mwenyewe, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini: kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Ilikuwa nusu mzaha, nusu ilani. Aliifunga Mei 2013, simu na tableti zilipokuwa zimelibadilisha soko hilo. Yako huenda isichukue muda huo, lakini usikae ukiandika "vipi, bado?" kila wiki. Andika tena ukiwa na jipya: toleo jipya limetoka na tatizo bado lipo, au limekwisha. Kusema limekwisha ni muhimu vile vile. Wachache hurudi kusema.

Nusu sekunde

Anayedhani kuripoti ni kazi ya kitoto na amsome Andres Freund. Huyu ni mwanaprogramu wa hifadhidata ya PostgreSQL, mwajiriwa wa Microsoft. Mapema 2024 alikuwa akipima kasi ya kitu kingine kwenye Debian ya majaribio, akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kumekuwa kuzito kidogo. Palipochukua sekunde 0.3 sasa palichukua 0.8. Nusu sekunde. Mwingine angesema mtandao. Yeye alifuatilia nusu sekunde hiyo mpaka kwenye kifurushi kidogo cha kubana mafaili kiitwacho xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa humo makusudi. Kama ungeachwa ukaenea kwenye seva za dunia, aliyeupandikiza angeweza kuingia nyingi apendavyo.

Kwanza aliwaarifu faragha wanaohusika na usalama, kisha tarehe 29 Machi 2024 akatoa taarifa hadharani, na vipimo vyake vyote vya kabla na baada. Hiyo ndiyo kanuni ya hitilafu za usalama, na ndiyo pekee inayovunja desturi ya kusema kila kitu mbele za watu: ukigundua tundu linaloweza kumwumiza mtu, usilitangaze. Miradi mikubwa ina anwani ya siri kwa ajili hiyo.

Ila sehemu ya kisa hicho inayonihusu zaidi ni jinsi mlango ulivyopandikizwa. Xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandama wakilalamika kwamba anachelewa, kwamba mradi umekufa mikononi mwake, kwamba ampe mwingine. Alijibu kwa upole kwamba hiyo ni kazi asiyolipwa, na kwamba alikuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili. Hawakuacha. Msaidizi mmoja mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan, alikuwa tayari karibu, akapewa ruhusa, na ndiye aliyeutia mlango huo. Wachunguzi wengi wanaamini wale walalamikaji walikuwa sehemu ya mpango ule ule.

Kwa hiyo lugha yetu kwa watunzaji wa programu si suala la adabu peke yake. Makelele ya watumiaji ni kitu ambacho mhalifu aliweza kukiiga bila mtu kushtuka, kwa sababu yamezoeleka.

Sasa kuna makelele mapya. Daniel Stenberg wa Sweden, anayeongoza curl, programu ya kuhamishia data iliyomo ndani ya simu, magari na televisheni, tangu 2024 amekuwa akilalamika hadharani kuhusu taarifa za hitilafu zilizoandikwa na akili bandia: ndefu, zenye Kiingereza safi, na za uongo. Kila moja inamlazimu mtu kuisoma na kuijaribu kabla ya kuitupa. Tumia mashine kunyoosha lugha yako ukitaka. Usiipe kazi ya kushuhudia. Haikuwepo hitilafu ilipotokea, wewe ulikuwepo.

Huku kwetu

Si kweli kwamba mambo haya ni ya wazungu na sisi ni watazamaji. OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa unaotumika nchi nyingi, ulianza kuchorwa 2004, na kituo chake cha kwanza kuutumia kilikuwa Eldoret, Kenya. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaokusanya takwimu za vituo vya afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Muuguzi anayejaza fomu ya mwezi zahanati anatumia programu huria, hata kama hakuna aliyemwambia. Ikigoma, aanze na mtaalamu wa mfumo wa wilaya au wizara, kwa sababu mengi hutokana na mipangilio ya nchi. Lakini yale matatu hayabadiliki: nilifanya nini, nilitarajia nini, kilitokea nini.

Lipo pia eneo ambalo hakuna wa kutushinda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiishi, kwa kuwa programu hubadilika na maneno mapya huongezeka. Menyu yenye Kiswahili kibovu ni hitilafu kamili, ina haki ya kupewa namba kama nyingine, na mwanaprogramu wa Berlin hawezi kuiona hata akiitazama mchana kutwa. Msemaji wa Kiswahili anaiona mara moja. Asiporipoti yeye, hakuna atakayeripoti.

Vyuo vyetu vinafundisha vijana kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mikutano na ripoti za mafunzo kwa vitendo. Naomba waongeze ukurasa mmoja: taarifa ya hitilafu. Mwalimu awape wanafunzi programu yenye kasoro inayojulikana, awaambie waielezee kwa mtu aliye chumba kingine mpaka huyo aweze kuifanya itokee, bila kuonana. Atakayefaulu zoezi hilo atakuwa amejifunza kutazama, kutenganisha alichokiona na anachokidhania, na kuandika kwa ajili ya msomaji asiyemjua. Nitamwajiri dukani kwangu kesho yake.